Mwanangu, umeniuliza kuhusu filamu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na salamu za bibi yako nimezifikisha. Umeniuliza kwa nini bado nahangaika na kamera ya filamu huko mashambani Kwale, ilhali simu yako inapiga picha safi na harusi za mjini ndizo zinazolipa.

Harusi napiga, mwanangu, na ndizo zilizokulipia karo. Lakini harusi zina wapiga picha tele. Mabonde ya Kinango, kule Kwale, yana nani? Na nchi inabadilika: reli mpya imepita Mariakani na kuanza kubeba abiria 2017. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Mbuyu mwingine wa ukubwa ule hatutauona mimi wala wewe. Iliniuma, na bado inaniuma. Mti ulioko kwenye negativu, ile filamu iliyokwisha kusafishwa, angalau mjukuu atajua ulisimama wapi.

Na filamu ndiyo iliyonifunza kutazama. Roli ya filamu pana ya 120 kwenye kamera yangu ya picha za mraba hutoa picha 12 basi, kwa hivyo sibonyezi ovyo. Navuka feri alfajiri, kamera nimeifunga kwa leso, napanda matatu, na nikifika shambani nakaa kwanza. Jua likiwa wazi sihitaji mita ya kupima mwanga: filamu ya wepesi wa 400, tundu la lenzi 16, kasi 1/500 ya sekunde. Nikitaka mawingu yajitokeze naweka kichujio cha manjano na kufungua tundu hatua moja. Msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda, siuelekezei kamera kabla ya kuzungumza na wazee. UNESCO iliziorodhesha kaya za Mijikenda 2008, lakini heshima yake ni ya zamani zaidi. Wakikataa, narudi na roli yangu.

Kusafisha filamu nasafisha mwenyewe, na hapo ndipo penye raha yangu. Dawa ya kutoa picha inataka nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya mfereji hapa kwetu hutoka vuguvugu hata usiku. Ile barafu uliyokuwa ukitumwa dukani ilikuwa ya kazi hiyo: chupa ya dawa naisimamisha kwenye karai la barafu, nachovya kipimajoto, nangoja. Kisha filamu inatoka imelowa, naiinua kwenye balbu, anga limekuwa jeusi na vivuli vya minazi vyeupe, na hapo hapo najua kama nimeipata.

Umeuliza pia nani atazirithi negativu zangu. Ziko kwenye makopo ya bati juu ya kabati, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, maana kuvu ya pwani haina huruma. Kila bahasha nimeiandika kijiji na mwaka. Ukija Idi, njoo na skana yako. Tutaanza na za Kinango, wazee wa kule wanaziulizia.

Mamako,
Majengo, Mombasa