Jibu: Nimeandikiwa "reckless" Virginia, niende nikaombe radhi tu yaishe?

Mkuu, usiende kuomba radhi! Usikiri kitu chochote mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema umekamatwa barabara kuu ya I-95, jimbo la Virginia huko Marekani, ukiwa maili 88 kwa saa penye kibao cha 70, karatasi imeandikwa "reckless driving", na unataka kujua kama hilo neno ni sawa na "careless", bima itapanda kiasi gani, na kama ukienda mahakamani ukajishusha watakuachia. Hapo kwenye kujishusha ndipo presha imenipanda, maana hiyo njia nimeshaipita.

Kwenye Kiingereza cha kawaida, "careless" ni mtu asiye makini: kasahau kuangalia kioo, kaingia njia ya mwenzake. "Reckless" ni yule anayeiona hatari kwa macho yake na bado anakanyaga mafuta. Ukiyachanganya kwenye maongezi hakuna wa kukufunga. Ila karatasi yako haikuandikwa na mwalimu wa lugha. Sheria ya Virginia, kifungu 46.2-862, inasema ukizidisha kibao kwa maili 20 au zaidi, au ukivuka maili 85 popote pale, wewe ni reckless. Barabara iwe tupu, jua linawaka, mikono miwili kwenye usukani na unasikiliza mawaidha, bado ni reckless. Ndiyo maana wewe uliyezidisha maili 18 tu umenaswa. Kulipita basi la shule linaloshusha watoto nako kumo kwenye jina hilohilo, na hata kuendesha gari lenye breki mbovu.

Na hiyo si faini ya kuegesha vibaya, ni kosa la jinai. Wenyewe wanaliita misdemeanor (jinai iliyo chini ya zile kubwa) ya daraja la 1, daraja lilelile la mtu aliyekamatwa amelewa kwenye usukani kwa mara ya kwanza. Jela mpaka miezi 12, faini mpaka dola 2,500, leseni inaweza kusimamishwa mpaka miezi 6, na kosa linakaa kwenye rekodi yako ya udereva miaka 11.

Mimi haya yote sikuyajua, kwa sababu kwenye jamii yetu kuna bwana mmoja ambaye kila mtu akipata barua ya serikali anampelekea aisome. Alifika Marekani zamani, basi kila kitu anakijua. Akaitupia jicho karatasi yangu huku anakula, akasema: "Reckless ni uzembe tu, mdogo wangu. Hawa watu wanapenda unyenyekevu. Vaa suti, sema guilty (nina hatia), sema sorry, utapunguziwa." Nikaazima suti. Ilikuwa ya mtu aliyeshiba kuliko mimi, mabega yananing'inia kama nimeivaa na henga yake.

Mbele yangu aliitwa kijana mwenye mwendo mkubwa kuliko wangu. Yeye hakufungua mdomo. Wakili wake alinong'onezana na mwendesha mashtaka, akatoa karatasi mbili tatu, kosa likabadilishwa kuwa "improper driving", yaani kuendesha isivyofaa, kifungu 46.2-869. Hilo si jinai, faini yake haizidi dola 500. Nikamwonea huruma kwa kupoteza hela ya wakili! Zamu yangu ikafika, nikasema guilty kwa sauti ya kwaya, nikaongeza sorry mara mbili. Hakimu akanishukuru kwa ustaarabu, akataja faini, akaita jina linalofuata. Nikalipa dirishani nikiwa nimefurahi, na yule bwana nikamtumia ujumbe wa sauti wa shukrani. Mpaka leo nikiukumbuka natamani simu ingekuwa imezima chaji.

Moto uliwaka baadaye, nilipoomba kazi ya kuendesha gari la kupeleka wazee hospitali. Usaili safi, sare nimeshapimwa. Majibu ya uchunguzi yakarudi, yule mama wa ofisini akaniuliza taratibu kama nimewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Nikasema hapana, kabisa! Akageuza kompyuta nikaona jina langu na hilo neno. Sasa naonekana mhalifu na mwongo juu. Kazi ikaota mbawa. Na bado fomu ya uraia, N-400, ina swali la kukamatwa na kutiwa hatiani, kwa hiyo hilo neno nitalieleza tena.

Nilipomrudia yule bwana, akanijibu: "Kwani si nilikwambia utafute wakili?" Wallahi hakusema! Nikamwambia akae na barua zake za umeme, za mahakama atuachie.

Sikiliza. Kabla ya kukiri, soma namba ya kifungu iliyo kwenye karatasi, siyo kamusi. Kusaini kwako barabarani hakukuwa kukiri, uliahidi kufika tu. Siku ya kesi sema "not guilty", hilo si kumtukana hakimu. Mpeleke wakili anayefanya kazi kwenye mahakama ya kaunti hiyohiyo, na gari likapimwe spidomita, kwani hakimu anaruhusiwa kuutazama usahihi wake. Kiingereza kikikusumbua omba mkalimani mapema; hii ni jinai, kwa hiyo humlipi wewe. Na yakiharibika, una siku 10 za kukata rufaa Circuit Court, mahakama ya juu ya hiyo ya kwanza, kesi inaanza upya hata kama ulikiri. Mimi nilikuja kulijua hilo wakati suti nimeshairudisha kwa mwenyewe.

Piga picha karatasi yako, funika jina na namba ya leseni, uiweke hapa. Nataka kuona wamekuandikia 862 au 852, maana 852 ni ile ya kuhatarisha maisha ya watu, na wakili ataijibu kwa njia nyingine.