Ukitaka kula vizuri Kibaha, tazama saa kabla ya kutazama ubao

Miaka tisa nililala Kibaha bila kula Kibaha. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nachukua daladala mpaka Kimara, napanda basi la mwendokasi mpaka Posta, katikati ya Dar es Salaam, narudi saa mbili usiku nikiwa sitaki kitu zaidi ya kuoga na kulala. Chakula changu cha mchana kilikuwa cha mjini. Kwa hiyo kazi iliponirudisha huku, nikawa nashinda Maili Moja kutwa nzima, nilidhani kula ni kula tu. Saa nane tumbo likidai, unaingia mgahawa ulio karibu, unasoma ubao, unaagiza.

Ubao wa mgahawa wa kwanza nilioingia nauona mpaka leo. Ulichorwa ukutani kwa rangi nyekundu: wali nyama, wali kuku, wali samaki, ugali dagaa, makange, mchemsho, ndizi nyama, pilau, biriani. Ilikuwa Jumanne, saa nane na nusu mchana, meza sita na mteja ni mimi peke yangu. Nikaagiza wali samaki. Dada akafunua hotpoti kubwa, akapakua wali ulioshikana, unatoka mabonge mabonge, akaweka na kibua aliyekaangwa asubuhi, juu yake mchuzi. Mchuzi ulikuwa wa moto, wali vuguvugu. Nikala, kwa sababu njaa ilikuwa inauma na dada wa watu alikuwa mkarimu. Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha mke wangu alinipeleka zahanati nikiwa siwezi kusimama vizuri, nikatundikiwa dripu mbili.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayepika karibu na stendi ya zamani. Wiki mbili baadaye nilifika kwake muda uleule wa saa nane, nikamsalimia shikamoo, nikamwomba wali. Akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema hana wali wa kunipa. Na mimi naona sufuria pale ina wali! Akasema, "Mwanangu, saa nane ya huku si saa nane ya Kariakoo. Huu ni wa saa nne, nawapelekea kuku. Kaa nikusongee ugali."

Nimeishi na maneno hayo tangu siku ile, na ndiyo ushauri wenyewe ninaotaka kumpa mtu yeyote aliyehamia Kibaha, Mbezi, Kibamba, Chanika, Bunju au mji wowote wa pembezoni. Kariakoo mchana wateja hawakatiki. Sufuria la wali linakwisha kabla halijapoa, lingine linapanda jikoni. Huku kwetu nusu ya watu wameondoka alfajiri na watarudi usiku. Mchana waliobaki wengi wana jiko lao nyumbani. Mwenye mgahawa anapika saa nne kwa matumaini, na chakula kinakaa kinawasubiri watu ambao wako Posta. Si kwamba hajui kupika. Mpishi yuleyule, wali wake mpya wa saa moja usiku ungekufurahisha.

Wali hasa ndio wa kuogopa, na watu wengi hawaujui ubaya wake. Kuna bakteria wanaokaa kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi hata wali ukichemka. Ukiuacha vuguvugu saa kadhaa wanazaliana na kutoa sumu, na wengine sumu yao haiondoki hata uupashe mpaka uungue. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri mlaji kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60. Huna kipimajoto mfukoni, lakini una vidole. Wali ulio salama unafuka moshi ukifunuliwa, na tonge lake la kwanza unalipuliza. Kama unaweza kulishika mkononi ukaendelea na mazungumzo bila kulihamisha, huo wali umekaa. Uache, lipa ulichokwisha kunywa, aga vizuri, uondoke. Nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyenikasirikia.

Basi tuanze na alfajiri, maana huo ndio wakati ambao miji yetu hii inakula vizuri kuliko mjini. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili na nusu, watu wote wanaoelekea Dar wanapita stendi, na madereva wa malori ya Morogoro na Tunduma nao wanasimama. Supu inatoka haraka, chapati zinatoka haraka. Mimi huenda saa kumi na mbili na robo. Kongoro limechemka usiku kucha kwenye moto mdogo wa mkaa, ngozi yake imelegea inatetemeka kwenye kijiko, na mchuzi ukipoa kidogo midomo inanata. Unakamulia ndimu, unaweka pilipili kidogo, unachana chapati ikiwa bado inawaka. Jirani yako mezani ni konda anayekula amesimama nusu, macho kwenye gari lake.

Supu hiyo ukiifuata saa nne utakuta jina lilelile na bei ileile, lakini imekwisha kuongezwa maji. Utaijua kwa kuitazama: mafuta juu yake yamebaki vitone vichache vilivyotawanyika, na chini hakuna uzito. Ukichelewa, kunywa chai na maandazi, supu iache mpaka kesho.

Mchana ndio mtihani. Njia niliyoipata mimi ni kuwafuata watu ambao mchana wapo. Kwanza mafundi. Miji hii inajengwa kila siku, na mahali penye nyumba inayopandishwa pana mama anayewalisha mafundi na vibarua saa sita na nusu. Hao wanakula kwa wingi, wanakula kwa wakati mmoja, na wakiharibiwa chakula siku moja kesho hawarudi. Ugali wa dona, maharage yaliyoungwa nazi, matembele, na dagaa siku ya pili. Sijawahi kuumwa tumbo kwa mama wa mafundi. Pili ni sehemu zenye ofisi na hospitali. Karibu na hospitali ya Tumbi mchana kuna manesi, kuna ndugu wanaouguza wagonjwa, kwa hiyo sufuria zinazunguka. Ukiwa mgeni kabisa, uliza kijiwe cha bodaboda, lakini usiulize "wapi kuna mgahawa mzuri," watakupeleka kwenye viti vya kupendeza. Waulize, "Nyinyi mchana mnakula wapi?"

Na ukijikuta saa nane upo mahali patupu na njaa imekushika, agiza kinachopikwa ukikiona. Ugali unasongwa dakika chache. Chipsi mayai zinakaangwa mbele yako, ila angalia kama viazi vinatoka kwenye maji au vilishakaangwa asubuhi vikarundikwa kwenye kabati la kioo. Muulize mpishi kwa heshima, "Mama, kipi kimeiva sasa hivi?" Swali hilo limenifaa kuliko ubao wowote. Ubao unaeleza mwenye mgahawa anajua kupika nini, na siku ya kawaida jikoni kuna vitu viwili au vitatu. Mtu aliyesalimiwa vizuri atakwambia ukweli. Anayeitwa "we dada, lete menyu" atakuletea kilichopo.

Kuhusu usafi nitasema moja tu, kwa sababu nalishikilia sana: maji ya kunawa. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam tulijifunza kunawa kwa maji yanayotiririka, ndoo yenye koki na sabuni pembeni. Bakuli la maji ambalo watu watano wamekwisha kutumbukiza mikono si kunawa. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua na maji kuwa ya mgao, niliona migahawa yenye mapazia mazuri ikiwapa watu bakuli, na mama mmoja wa kibanda cha mabati akinunua madumu ya maji kwa mkokoteni ili koki yake isikauke. Tangu hapo naangalia ndoo kwanza, kuta baadaye. Na siku ambazo maji hayatoki, kachumbari iache. Nyanya na kitunguu vinaoshwa na yale maji machache yaliyobaki, na havipiti motoni.

Jioni mji unarudi nyumbani, na hapo nafurahi kweli. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu moshi wa mishkaki unatanda, watu wanashuka kwenye magari na njaa ya foleni. Ila usikae barabarani. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kutoka Kimara kuja Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara yalibomolewa, na wapishi wazuri ninaowajua mimi sasa wako mtaa wa pili au wa tatu ndani. Ingia kwa miguu. Utakuta kina mama wanaokaanga samaki kwenye karai mbele ya nyumba zao, na foleni ya watoto waliotumwa na bakuli. Watoto waliotumwa na bakuli ni dalili nzuri kuliko zote: maana yake majirani, ambao wanamwona mpishi akitoka sokoni na akiosha vyombo vyake, wamechagua kula kwake. Nenda na bakuli lako lenye mfuniko. Mchuzi wa moto haufai kwenye mfuko wa plastiki, na mifuko ya kubebea yenyewe ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Nyama choma na kuku ndipo watu wanapopoteza fedha, hasa Jumamosi mkiwa na wageni. Nyama ichague mbichi, mwenyewe, pale buchani kwenye baa, na isimamie kwenye mizani. Ukiagiza ukiwa mezani, utaletewa sahani na hutajua ilikuwa kilo au robo tatu. Na usishangae ikirudi ndogo: nyama ikichomwa inapoteza maji na mafuta, robo ya uzito au zaidi inakwenda. Kwa watu wanne wenye njaa mimi nachukua kilo moja na nusu ya mbavu, na ndizi. Kubalianeni palepale kama bei ina ndizi ndani au ndizi zinahesabiwa peke yake, maana ugomvi wa bili ninaouona kila wiki unaanzia kwenye ndizi. Kisha subirini. Mbavu zinataka dakika arobaini na zaidi, mbali na ndimi za moto. Zikija kwa dakika kumi na tano, ujue zilishachomwa zikakataliwa na mtu mwingine.

Kuku wa kienyeji vilevile. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, ndiyo maana anaiva upesi. Wa kienyeji ametembea miezi mingi, nyama yake imekaza, inahitaji kuchemshwa taratibu zaidi ya saa nzima ndipo ichomwe au iungwe. Kwa hiyo ninampigia mpishi simu asubuhi. Jumapili moja nilimleta mama mkwe sehemu yenye bustani bila kupiga simu. Tulikaa saa mbili, tukaambiwa kuku yuko jikoni, yuko jikoni, mwisho akaletwa wa kisasa kwa bei ya kienyeji. Mama hakusema neno, alikula kipande kimoja akasema ameshiba. Nilimwonea huruma sana, ametoka Mlandizi kwa ajili ya chakula kile. Jumapili iliyofuata niliagiza kwa simu saa tatu, tukafika saa saba, kuku akaletwa kwenye sinia akiwa na mchuzi wake na viazi, na mama akauliza mpishi ni nani amsalimie.

Mwezi wa Ramadhani saa zote hizi zinabadilika, nanyi badilikeni nazo. Pwani supu ya alfajiri inakuwa adimu, na migahawa mingi mchana imefunga. Lakini fika mtaani saa kumi na mbili jioni ukaone: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, maharage ya nazi, viazi vitamu, uji wenye pilipili manga, kaimati zinazotoka kwenye mafuta wakati adhana inasubiriwa. Kila kitu kimelengwa dakika ileile moja, hakuna kilichokaa. Aliyefunga na asiyefunga, ukikaribishwa kaa. Hakuna mwezi ambao ninakula vizuri nje ya nyumba yangu kama huo.

Yule mama wa stendi bado anapika. Anaanza kupakua saa sita kasorobo, na ikifika saa saba na nusu amemaliza. Ukimkuta amefunika sufuria zake chini juu kwenye benchi, usimbembeleze. Vuka barabara, upande wa mwembe kuna kijana anachoma mihogo, mwambie akupe ile iliyo juu ya mkaa sasa hivi.