Mtoto aingia gredi wani: maswali yenu ya Lamu na Malindi

Kila ikifika Novemba simu yangu haitulii, wazazi waniuliza mambo ya gredi wani, yaani darasa la kwanza, usiku na mchana, na mimi sina neno manake nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, kwanza Lamu kisha huku Malindi, tangu wakati wa standadi wani mpaka huu mtaala mpya, siibisii, na najua mtoto wa miaka sita akianza vibaya inachukua muda mrefu kumrudisha. Nimechagua maswali yanayojirudia, nimeyafupisha, na majina sitaji, mtaa tu.

Mwalimu shikamoo. Mwanangu nilimzaa nyumbani kwa mkunga, hana cheti cha kuzaliwa, na shule wasema bila cheti hawamuandikishi. Nifanyeje? (Mama, Muyeye)

Marahaba mwanangu. Kwanza mtoto apelekwe shule. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haisemi haki hiyo yaanza siku cheti kitakapotoka. Lakini elewa pia kwa nini hedimasta akusumbua. Mtoto asipoingizwa kwenye mfumo wa serikali, shule haipati pesa zake, ile shilingi 1,420 kwa mwaka ambayo serikali hutolea kila mtoto wa praimari, na ili aingizwe ndio chatakikana cheti. Kwa hivyo usigombane nae, mwambie umeshaanza kushughulikia na mpe tarehe utakayorudi.

Aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu wa pale alipozaliwa, sio pale mnapoishi sasa ikiwa mumehama. Nenda na kitambulisho chako na kadi yake ya kliniki. Ikishapita miezi sita tangu azaliwe inaitwa usajili wa kuchelewa, makaratasi huwa mengi kidogo, lakini inawezekana, wanafanya watu kila siku. Usimpe dalali pesa.

Na jambo moja naomba muniskize vizuri nyote, hata mlio na vyeti: jina. Huku kwetu mtoto mmoja kadi ya kliniki ni Swaleh, cheti ni Saleh, na nasari mwalimu aliandika Swalehe, halafu Mohamed ana emu moja hapa na mbili kule. Nimekuwa na mtoto darasani ana majina matatu na wote watatu ni yeye. Saa hii laonekana dogo, subiri afike mtihani wa kitaifa ndio utajua, utapanda na kushuka maofisi mpaka viatu viishe. Kaeni baba na mama mkubaliane herufi moja moja kabla ya Januari.

Binti yangu ana miaka mitano na ni mwerevu sana, naweza kumrusha PP2 (mwaka wa pili wa nasari) aingie gredi wani moja kwa moja? (Baba, Mkomani)

Kakangu, mpango ni PP1 miaka minne, PP2 mitano, gredi wani sita. Werevu wake sina shaka nao, lakini gredi wani yataka mkono uliokomaa kushika penseli, yataka kukaa kitako nusu saa maana ndio urefu wa somo moja, na yataka moyo wa kusukumana na watoto wakubwa kuliko yeye. Mwache acheze. Mzee Kimani Maruge aliingia standadi wani kule Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84 na bado alisoma, sasa wewe mwaka mmoja wakukimbiza wapi?

Mtoto wangu aongea Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kitupu. Shangazi yake wa Mombasa asema nianze kuongea nae Kiingereza nyumbani la sivyo ataachwa nyuma, na akisema "mato" amchekea. Mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha kuombea maji. (Mama, Langoni)

Hili swali limenigusa dadangu, na nitalijibu kwa urefu.

Mimi nilipoingia standadi wani mwalimu alibandika picha ya uso ubaoni akauliza haya ni nini, nikanyosha mkono wangu wa kwanza katika maisha yangu ya shule nikasema "mato". Darasa halikucheka, manake wote tulikuwa tunasema mato. Aliyecheka ni mwalimu. Akanisimamisha, akasema "macho, macho, sema macho", na mimi nikanyamaza, na sikunyosha mkono tena mpaka mwaka ukaisha. Sikuwa mjinga, jibu nilikuwa nalo. Nilichojifunza siku ile ni kuwa maneno ya mamangu hayafai kusemwa mbele za watu.

Kwa hivyo mwambie shangazi yake kwa heshima aache. Mtoto anayesema ndoo badala ya njoo, mayi badala ya maji, ndia badala ya njia, n'na ndaa badala ya nina njaa, hajakosea kitu. Hayo ni maneno ya watu waliotunga tenzi na mashairi kabla shule hizi hazijajengwa. Na yule wa Malindi anayesema madzi na nzala kwa Kigiriama vilevile. Mtoto huyo ana lugha kamili na shule inamuongezea nyingine juu yake, haiji kumvua ile ya kwanza.

Na sio maneno yangu tu. Tangu tume ya Gachathi ya 1976 sera ya Kenya ni kuwa madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi, na mtaala wa sasa umeshikilia hilohilo. Lamu lugha hiyo ni Kiswahili. Kiingereza kipo kama somo, kisha gredi foo ndio kinashika kazi ya kufundishia mambo mengine. Najua shule nyingi hazifuati, hasa za praiveti, wazazi wenyewe ndio wataka kusikia mtoto asema gud moning, lakini mtoto anayejua kueleza jambo kwa lugha yake tangu mwanzo mpaka mwisho huchukua Kiingereza haraka, na yule aliyekatwa ulimi nyumbani huishia kuwa na maneno mia ya Kiingereza na hana la kusema.

Wewe fanya hivi. Ongea nae Kiamu chako kizuri, kirefu, sio amri tupu za oga, kula, lala. Muulize bandarini aliona nini leo, jahazi gani lilitia nanga, punda wa nani aliziba ndia na ilikuwaje. Usiku tega vitendawili. Na mwambie tu bila kumtisha kwamba shuleni mwalimu atasema macho na maji, na sisi nyumbani twasema mato na mayi, yote ni sawa. Watoto huelewa haraka sana hilo, sisi wakubwa ndio hutusumbua.

Mjukuu wangu aandika kwa mkono wa kushoto. Nilimfunga kitambaa ule mkono azoee wa kulia lakini alia. Shule yaanza, niendelee? (Bibi, Shela)

La bibi, nakuomba ukifungue hicho kitambaa leo hii. Najua kwetu kushoto kuna kazi zake na kulia kuna zake, na kula, kupeana vitu na salamu mfundishe kulia kama adabu yetu ilivyo, atashika bila vita. Lakini kuandika ni jambo lengine, ule ni ubongo umechagua mkono wa kufanyia kazi ndogondogo, na katika watu kumi takriban mmoja ameumbwa hivyo. Obama, ambae babake ni wa kwetu Kenya, alitia sahihi sheria za Marekani kwa kushoto. Mtoto ukimlazimisha kubadili huandika polepole, huchoka, na huchukia daftari. Mwambie mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa deski ili kiwiko kisigongane na mwenzake, daftari lilale kidogo kuelekea kulia, na penseli aishike juu kidogo ili aone anachoandika na asifute kwa mkono.

Wangu amemaliza PP2 na hajui kusoma hata "baba". Nimrudishe mwaka? (Mama, Maweni)

Usimrudishe. Gredi wani ndiyo inayofundisha kusoma, sijui ni nani alianza kutisha wazazi kwamba mtoto aingie akiwa anasoma tayari. Kwanza sheria ya elimu ya 2013 kifungu cha 35 inazuia shule kumrudisha mtoto darasa, kwa hivyo hata mwalimu akikushauri hivyo muulize kwa upole ni kwa nini.

Kiswahili chetu kina rehema, kinasomeka kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu, akaja ma me mi mo mu, wiki chache anaunganisha mama, meme, bibi, na akishajua siri hiyo hakuna neno litakalomshinda. Dakika kumi kila siku baada ya magharibi zatosha, sio saa nzima Jumapili na kofi juu yake. Anza na jina lake mwenyewe. Lakini kama haskii ukimuita kwa nyuma, au asogeza kitabu mpaka puani, au hasemi sentensi za kueleweka, hiyo sio uvivu, mpeleke akapimwe masikio na macho, na uliza ofisi ya elimu kuhusu EARC, ni kituo cha wizara kinachopima watoto wenye mahitaji maalum. Nimeona watoto walioitwa wajinga miaka miwili kumbe ni usaha wa masikio.

Chuo (madrasa) alfajiri, shule, kisha tuisheni mpaka magharibi. Mtoto asinzia darasani. (Baba, Lamu mjini)

Chuo sikwambii upunguze, na mimi nimelelewa huko, na mtoto aliyezoea kuhifadhi huja shuleni na masikio makali. Tuisheni ya gredi wani ndio uitoe, kesho. Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na mbili ahitaji kulala masaa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Haya piga hesabu, kama aamka saa kumi na moja alfajiri, basi saa mbili usiku awe amelala fofofo, na simu ya babake isiwe mkononi mwake.

Mwanangu ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa selimundu. Naogopa nikisema shuleni watamtenga. (Mama, Barani)

Mamangu pole, na nakuelewa, lakini sema. Usiponena ndio utamuweka hatarini. Nenda mwenyewe kabla ya kufunguliwa, umkute mwalimu wa darasa peke yake, na umuandikie kwa karatasi: mtoto abebe chupa ya maji na anywe wakati wowote hata somo likiendelea, aruhusiwe choo kila akiomba manake figo zao hutoa mkojo mwingi, asikimbizwe juani mpaka achoke, asiachwe anyeshewe. Akipata homa, akilalamika kifua, akipauka ghafla, au mkono au mguu upande mmoja ukalegea, usingojee jioni, upigiwe simu na aende hospitali mara hiyohiyo. Nambari mbili za simu, yako na ya mtu aliye karibu.

Na wale wanaokwambia ni laana waambie ni damu, imetoka kwa baba na kwa mama wote wawili, na iko kwa wingi huku pwani kwa sababu anayebeba upande mmoja tu hukingika na malaria kali, ndio ikaenea. Mwenyewe mwenye ugonjwa hakingiki, kwa hivyo neti kila usiku.

Si walisema ni bure? Mbona kuna pesa za deski, za mlinzi, za karatasi? (Baba, Majengo)

Karo ya masomo shule ya serikali hakuna, tangu Januari 2003. Michango mengine inaweza kuwepo ikiwa imeidhinishwa na wizara, lakini kifungu cha 29 cha sheria hiyohiyo ya 2013 chasema mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu hajalipa, na kila senti itolewe risiti rasmi. Ukiweza changa, shule zetu zina shida za kweli. Usipoweza, mtoto aende vilevile, na umwambie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Atalia mlangoni, nifanyeje? (wengi sana)

Atalia. Wengi huacha mara tu mama akipotea machoni, kwa hivyo muage waziwazi, usimtoroke kwa siri, manake ukitoroka mara moja kesho atakung'ang'ania mara mbili. Wiki moja kabla mtembee ile njia pamoja, kama ni vichochoro vya Mkomani au ni tuktuk ya Malindi, na hiyo tuktuk uihesabu imebeba watoto wangapi kabla ya kulipa mwezi.

Yunifomu avae nyumbani ajaribu zipu na vifungo mwenyewe, kifuniko cha kontena ya chakula afungue mwenyewe, manake mwalimu ana watoto hamsini na mahamri yako yatabaki ndani mpaka jioni. Na mfundishe kusema kwa sauti, kwa Kiamu, kwa Kigiriama, kwa vyovyote, "mwalimu, naomba kwenda choo", arudie mpaka asione haya, siku nyingi za kwanza huharibika kwa sababu ya neno hilo tu. Ukimwambia utamfuata saa saba, uwe pale mlangoni saa saba kasorobo.