Maswali ya Wasomaji: Tuni ya Kompyuta na Maneno ya Kiswahili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja hapa Moshi, upande wa Pasua. Mwezi uliopita kijana wetu wa kinanda alinionyesha programu ya kompyuta ambayo ukiipa ufunguo, mwendo na idadi ya baa (mafungu ya mapigo), inakutungia tuni pamoja na kodi zake (nota zinazopigwa kwa pamoja) kabla chai haijapoa. Tuliitumia kutunga pambio linaloanza na maneno "Tunakushukuru Bwana". Kwenye spika tuni ilipendeza, lakini nota ya juu kabisa, ambayo pia ndiyo ndefu kuliko zote, iliangukia silabi ya mwisho ya "tunakushukuru", na mama mmoja wa sauti ya pili akasema waziwazi kwamba wimbo huo hauna Kiswahili. Je, kosa liko kwenye programu, kwa wanakwaya au kwangu? Na wimbo wa namna hii ukikamilika, ni wa nani?

Mwalimu wa kwaya, Pasua, Moshi

JIBU: Mwalimu, huyo mama ana sikio zuri, na ningekuwa wewe ningemketisha karibu na kinanda.

Programu ya aina uliyoieleza haianzi na maneno, bali huanza na namba. Katika faili la midi, yaani faili linalobeba maagizo ya nota badala ya sauti yenyewe, kila nota ni namba kati ya 0 na 127, na C ya katikati ya kinanda ni 60. Kazi ya kupanga namba hizo si ngeni kama vijana wanavyodhani: mwaka 1957, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliitumia kompyuta iliyoitwa ILLIAC kutunga muziki wa ala nne za nyuzi, ikizalisha namba kwa kubahatisha, ikizipima kwa kanuni za kupanga sauti na kuzitupa zilizokiuka kanuni hizo. Nyingi za programu za leo zimesomeshwa rundo la nyimbo, hasa za Ulaya na Marekani, ndipo zikakadiria nota ipi hufuata ipi. Katika hatua zote hizo hakuna anayeuliza mkazo wa neno uko wapi.

Sisi mkazo wetu, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nao si pambo. Tamka "barabara" ukikaza "ba" ya pili, umetaja njia ya magari. Kaza "ra" ya kwanza, umesema jambo liko sawasawa. Katika "tunakushukuru" mkazo uko kwenye "ku" iliyo kabla ya "ru", kwa hiyo kompyuta ilipoiinua "ru" na kuivuta, iliwalazimisha wanakwaya kuimba neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo. Kosa si la wanakwaya. Lako ni dogo tu, kwamba uliipokea tuni kabla ya kuyapima maneno.

Chukua kalamu, andika maneno kwanza, upige makofi huku ukiyasema kwa sauti ya kawaida, na uweke alama pale kofi zito linapoangukia. Utaona kwamba "tu-na-ku-shu" ni silabi nyepesi za kuingilia, zikikaa nusu pigo kila moja, halafu "ku" inatua kwenye pigo la kwanza la baa, "ru" la pili, "Bwa" la tatu na "na" la nne. Sasa irudie tuni ya kompyuta uichukue kama malighafi. Do ikiwa D, unaweza kuipa "tu-na-ku-shu" s s l t (so, so, la, ti), kisha d' (do ya juu) kwa "ku", t kwa "ru", l kwa "Bwa" na s kwa "na". Kilele kimehamia mahali pa mkazo, na wimbo umerudi nyumbani. Mwambie kijana aitake programu itoe faili la midi badala ya sauti iliyokwisha kurekodiwa, kwa kuwa midi inafunguka katika programu ya kuandikia nota kama MuseScore, ambayo ni ya bure, na kila nota inasogezwa.

Kuhusu kodi (za muziki, si zile za Mamlaka ya Mapato), kompyuta inasaidia zaidi. Kila nota ya ngazi inaingia katika kodi tatu za ufunguo wake. La katika ufunguo wa D, kwa mfano, inakubali G, Em au Bm. Mstari wako wenye nota nane, ukiipa kila nota kodi yake, una njia 6,561, na si vibaya mashine ikupunguzie. Kwa baa tuliyoisahihisha mimi ningeweka D, A, G na kurudi D. Ila usizigawe kodi hizo kwa sauti nne kama zilivyo, kwa sababu programu nyingi huzipanga kwa vidole vya mpiga kinanda, na sauti zote hupanda na kushuka pamoja kama abiria wa daladala kwenye matuta. Tuni ikipanda, ishushe besi.

Umeuliza pia wimbo ni wa nani. Maneno yako, na marekebisho uliyoyafanya kwa mkono wako, ndiyo msingi wa kudai haki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hifadhi rasimu zenye tarehe. Kwa sehemu iliyotungwa na mashine peke yake msimamo ni dhaifu, na huko Marekani mahakama ilikwisha kuamua mwaka 2023, katika shauri la picha, kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haina hakimiliki. Kabla hamjarekodi, kijana wa kinanda asome masharti ya programu hiyo yote, kwa kuwa zipo zinazoruhusu tuni itumike bure lakini zinadai malipo pindi wimbo unapouzwa.