Mdogo wangu, kabla hujapanda ndege

Mdogo wangu wa Kibosho, Kilimanjaro, umeniuliza mambo mawili: maisha ya huku Ujerumani yakoje, na kama ukija kuwa au pair utakuwa umemtupa mama. Kaka zako wako Dar, wewe ndiye unayempeleka kliniki ya presha kila mwezi, na shangazi ameshakwambia mtoto wa kike hamwachi mama mgonjwa. Nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

La pesa kwanza. Au pair si ajira. Unaishi na familia, unalea watoto wao, kazi zisizidi saa 30 kwa wiki, nao wanakupa euro 280 kwa mwezi za matumizi yako. Chakula na chumba ni juu yao. Mkataba hauzidi mwaka mmoja, na uombe viza kabla hujafikisha miaka 27. Familia iliyonipokea huku ilinifikisha saa 45 nikanyamaza. Nilikuwa mgeni, halafu nyumbani nilishazoea kwamba mtoto wa kike hahesabu saa. Wewe hesabu. Andika kwenye daftari kila siku.

Baadaye nilisomea uuguzi miaka mitatu, sasa nahudumia wazee. Mshahara ni mzuri ukiusikia, lakini pensheni peke yake inakata asilimia 9.3, bado bima ya afya, bado kodi, bado pango.

Nina bibi mmoja wa miaka 91. Kila Jumatano namlowesha miguu kwenye beseni, namkausha kidole kimoja kimoja, nampaka mafuta. Nyayo zake ni laini kama za mtoto. Za mama yangu zimepasuka kwa kukanyaga kihamba, shamba letu la migomba, maisha yake yote, kisigino kinanasa hadi nyuzi za shuka. Siku ya kwanza nilipomaliza kumhudumia yule bibi nilijifungia chooni nikalia, maana miguu ya mama sikuwahi kuishika hata mara moja.

Usidhani wajibu unaushushia pale uwanja wa ndege wa KIA. Nyumbani wanataka mikono yako, ukifika huku wanataka pesa, na pesa haina siku wanayosema sasa inatosha. Mama yangu alianguka akitoka kukata majani ya ng'ombe. Nilituma hela kwa simu dakika ileile, nikakaa kitandani mpaka kukapambazuka. Asubuhi nikampigia kaka aende kumwona. Akasema, "Si umeshatuma?" Nilishika simu nikakosa la kujibu. Pesa yangu ilikuwa imegeuka ruhusa yao ya kutokwenda.

Najuta kuondoka? Hapana, na sitakuficha. Nilitaka chumba ambacho ufunguo wake ninao mimi. Nilitaka kuamua jambo bila kikao cha ukoo. Kutaka hivyo si dhambi, mdogo wangu, na asikutishe mtu kwa laana.

Nilipokosea ni kwenye namna ya kuondoka. Niliaga kwa haraka, nikasema "nitatuma", basi. Wewe subiri Desemba, wote wakirudi nyumbani mlimani kwa Krismasi. Usilizungumze kwa simu. Lizungumze sebuleni, mama akiwa amekaa hapo hapo. Kwa mila yetu Wachagga kihamba cha nyumbani atabaki nacho kitinda mimba wa kiume, si wewe. Basi anayerithi migomba aijue na tarehe ya kliniki. Kadi ya mama iwekwe mezani, kila mmoja aseme mwezi wake kwa mdomo wake: Januari nani, Februari nani. Kama hawawezi kusafiri, walipe msichana wa kukaa na mama, na wamlipe wao. Wewe taja kiasi kidogo unachokiweza, na waambie wazi kwamba miezi mitatu ya kwanza hutatuma chochote.

Lakini kabla ya kikao hicho, mkute mama jikoni akiwa peke yake, umuulize. Usimweleze ulichokwisha kupanga, muulize. Mimi wa kwangu sikumuuliza. Miaka miwili baadaye aliniambia kwa simu kwamba angeniruhusu siku ileile, ila alikuwa anangoja aulizwe.

Ukishaongea naye niandikie. Jumapili siko zamu.