Calais hadi Béziers kwa gari-nyumba: wapi ulipe, wapi usilipe

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mke wangu tunaishi Uingereza. Agosti tutakodi gari-nyumba tuwapeleke watoto wetu wawili kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, karibu na Béziers. Tutavuka na kushukia Calais Jumamosi asubuhi. Rafiki yetu aliyekwenda mwaka jana anasema tozo zilimmaliza, na foleni ya bonde la mto Rhône, njia iliyozoeleka ya kwenda kusini, iliwaliza watoto. Nikiiambia ramani ya simu iepuke tozo, inanipitisha kwenye vijibarabara ambavyo sijui kama gari litapenya. Nipite wapi? – Baba wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya barabara tuzungumze siku, maana hiyo Jumamosi yako inanitia wasiwasi kuliko tozo zote.

Ufaransa ina huduma ya serikali ya kutabiri foleni, Bison Futé, iliyoanza mwaka 1976. Kila mwaka hutoa kalenda ya rangi nne: kijani, machungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ndizo hupakwa rangi mbaya kuliko zote, kwa sababu wanaorudi likizo na wanaokwenda wanapishana siku hiyohiyo. Kalenda ina sehemu mbili, ya wanaoondoka na ya wanaorejea, kwa hiyo soma iliyo yako. Tiketi ya kuvuka ikibadilika, vuka Jumapili alfajiri. Isipobadilika, shuka Jumamosi, tafuta mahali pa kulala palepale pwani ya kaskazini, watoto wacheze mchangani, kisha uondoke Jumapili mapema.

Jumapili ina zawadi nyingine. Malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi barabarani kuanzia saa nne usiku wa Jumamosi mpaka saa nne usiku wa Jumapili, isipokuwa machache yenye ruhusa maalumu. Barabara za zamani zisizo na tozo ndizo malori huzipenda kwa sababu ileile unayozipendea wewe. Siku za kazi utakaa nyuma ya trela kilomita baada ya kilomita bila nafasi ya kulipita. Jumapili barabara hizohizo zimelala.

Sasa njia. Kutoka Calais chukua barabara ya kasi ya A16, ambayo ni bure mpaka Boulogne. Hapo tozo inaanza, nawe unatoka na kufuata barabara ya zamani inayopita Samer na Montreuil hadi Abbeville. Kutoka Abbeville ingia A28 hadi Rouen: ni barabara ya kasi kamili, nayo ni bure. Wengi wanaotoka Calais hukimbilia Paris kwa sababu ramani huonyesha mstari ulionyooka. Paris iache kabisa. Gari refu, watoto nyuma na barabara ya mzunguko yenye njia nne za watu wenye haraka, sikutakii.

Rouen utakatiza mjini, ndiyo sehemu pekee ya siku hiyo itakayokutaka uwe macho, na ndiyo sababu nyingine ya kuipita Jumapili. Ukitoka, fuata vibao vya Louviers kwa njia ya Pont-de-l'Arche, kisha N154: Évreux, Dreux, Chartres, mpaka Artenay, halafu unashuka Orléans. Usiingie A13 kwa bahati mbaya; nitaeleza sababu katika jibu la pili. Watoto wakichoka, laleni Chartres. Hakuna haja ya kuimaliza Ufaransa kwa siku moja.

Kutoka Orléans hadi Vierzon usilipe. Barabara ya zamani, D2020, inapita msitu wa Sologne, imenyooka, na ina miji midogo kama Lamotte-Beuvron na Salbris ambako mnaweza kusimama mkanunua mkate. Lakini ukifika Vierzon, lipa. Narudia, lipa. Ingia A71 na ukae humo mpaka Clermont-Ferrand. Najua uliniuliza namna ya kukwepa, ila njia ya bure hapo hupita Montluçon, kisha inaingia kwenye vilima vya mto Sioule, kona baada ya kona, huku vyombo vyote kabatini vikigongana na mtoto mmoja akitapika. Mimi na mzee wangu tunaijua njia hiyo vizuri, na tukiwa na wajukuu hatuipiti. Tozo ya kipande hicho inakununulia saa kadhaa na watoto wenye afya.

Baada ya Clermont-Ferrand ndipo malipo yako yanapokurudia. A75 kutoka hapo mpaka Béziers ni karibu kilomita 340 za barabara ya kasi, na serikali iliijenga bila tozo makusudi, ili milima ya kati isibaki imetengwa na nchi. Inapanda zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa inapoa hata Agosti, na karibu na Saint-Flour mtaliona daraja jekundu la reli la Garabit, lililojengwa na kampuni ya Eiffel kabla ya ule mnara wa Paris. Kwa nini watu wajibane bonde la Rhône wakati hii ipo? Nadhani ni mazoea tu.

A75 ina tozo moja, ya daraja la Millau, na Julai na Agosti hupanda. Unaweza kutoka kabla ya daraja, ukashuka mjini Millau, kisha ukapanda upande wa pili na kurudi A75 pale La Cavalerie. Kupanda kule ni kukali, na gari lililojaa maji na mizigo litalalamika. Kwa safari ya kwanza pita darajani. Lilifunguliwa Desemba 2004. Kabla ya hapo mji huo ulikuwa kizibo cha kila kiangazi. Lina urefu wa mita 2,460, na ncha ya nguzo yake ndefu kuliko zote iko mita 343 juu. Watoto wako watalikumbuka kuliko bwawa lolote la kuogelea.

Ukivuka uwanda wa Larzac, barabara inaporomoka ghafla kuelekea Lodève. Punguza gia kabla ya mteremko, usisubiri katikati. Ukiibana breki njia nzima inapata moto na kulegea.

Kuhusu gari lenyewe, muulize mwenye kulikodisha mambo mawili: kimo, na uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Kwenye tozo za Ufaransa, gari la kimo kati ya mita 2 na 3 lisilozidi tani 3.5 huwa kundi la pili la bei. Likifika mita 3, au likizidi tani 3.5, linaingia kundi la tatu na bei inaruka. Kama wana magari mawili yanayowatosha, moja mita 2.9 na jingine 3.1, chukua lile fupi. Gari la zaidi ya tani 3.5 pia hutakiwa kubandikwa vibandiko vya kuonya kuhusu sehemu asizoziona dereva, sheria iliyoanza Januari 2021, na barabara za kasi mwisho wake ni kilomita 110 kwa saa badala ya 130. Na kwa kuwa usukani wako uko kulia, kibanda cha tozo kitakuwa upande wa mama watoto. Yeye ndiye akae na kadi ya benki mkononi.

Ramani ya simu: chagua "epuka tozo", lakini usichague "epuka barabara za kasi", maana hapo utapoteza A28 na A75 ambazo ni bure. Kisha usiipe mwisho wa safari peke yake. Iwekee vituo: Abbeville, Rouen, Dreux, Chartres, Artenay, Vierzon. Kati ya Vierzon na Clermont-Ferrand, na pale Millau, zima hiyo "epuka tozo". Programu ya kawaida inadhani unaendesha gari dogo na haijui kimo chako, kwa hiyo andika mita zako kwenye karatasi uzibandike mbele ya usukani. Kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba ya mita za kimo ndicho chenye neno la mwisho.

Usiku ondokeni kwenye barabara ya kasi. Maegesho yake ya mapumziko yana wezi, na vijiji vingi vya karibu vina kituo cha magari-nyumba chenye maji safi na mahali pa kumwaga machafu. Dizeli pia jaza kwenye supamaketi kubwa za mijini; kwenye barabara ya kasi ni ghali zaidi.

SWALI: Mama, huko Ufaransa tulipita barabara ya kasi ya A79 kutoka Digoin. Hatukuona kibanda wala kizuizi, tukajua ni bure. Tumefika nyumbani, tumeletewa barua ya faini. Ni utapeli? – Msomaji, Uholanzi

JIBU: Huenda ni ya kweli, mwanangu. A79 tangu Novemba 2022 inatoza bila vibanda: kamera husoma namba ya gari, nawe una saa 72 za kulipa mwenyewe mtandaoni. A13 na A14, za kutoka Paris kuelekea Normandy, nazo sasa ni hivyohivyo. Linganisha tarehe na namba ya gari iliyoandikwa na safari yako, kisha lipa kupitia anwani ya tovuti iliyo kwenye barua, ukiiandika mwenyewe. Usibonyeze kiungo cha ujumbe wa simu, maana matapeli wa tozo hizi wapo. Na usikae na barua hiyo, kwa sababu faini huongezeka ukichelewa.