Povu ya ndevu inakataa: Papa Kinyozi anajibu barua zenu

Papa Kinyozi, jambo sana. Mi niko kijana wa Katindo, hapa Goma, natumika ku biro, kila asubuhi lazima ninyoe. Mjomba yangu alitoka Ubelgiji akaniletea brashi ya kunyolea na tube ya krem, akanionyesha mara moja tu kiisha akaenda zake. Yeye uso ulijaa povu nzito utasema wamemupaka maziwa ya mashanza, lakini mi nikijaribu inatoka maji maji, vipovu vikubwa sawa vya sabuni ya kufulia, dakika moja vimepasuka vyote na mengine yanateremka mpaka ku shati. Nusu ya tube imeisha kwa wiki mbili. Shida ni krem, ni brashi ao ni mkono yangu? Maji natumia ni ya bido (dumu), wanatuletea kutoka Kituku, ku ziwa Kivu.
*Ndevu Ngumu, Katindo*

Kijana wangu, asante kwa ile sentensi ya mwisho, ju bila ile ningekujibu vibaya. Nitarudi ku bido yako. Kwanza tuongee mkono.

Nakuona kabisa hata kama sikuwa pale. Unatia brashi ku gobele ya maji ya moto, unaitoa ingali inachuruzika, unakamulia krem juu yake, unaanza kuzungusha mbio mbio ju moto-taxi inapiga honi inje. Ni vile, ao nadanganya? Brashi inakunywa maji mengi kuliko unavyofikiri, yote inayatapika ndani ya krem, na krem ikisha kuzama hivyo hata uzungushe mpaka kesho utapata vipovu tu.

Sasa fanya hivi. Loweka brashi ndani ya maji ya vuguvugu wakati unaosha uso. Kama nywele zake ni za nguruwe, zile ngumu ngumu, iache dakika tatu ao ine ilainike, kama ni ya nailoni kuiloweka tu na kutoa inatosha. Huenda mjomba alikuletea ya blero, na blero ni jina la mnyama kwa Kifaransa, nywele zake njo walianza kutengenezea brashi mpaka leo brashi yoyote tunaiita vile hata kama ni ya plastiki kutoka China. Kiisha igeuze kichwa chini uikung'ute kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, mpaka isidondoshe tena hata tone. Inatakiwa iwe na unyevu, isiwe na maji. Wewe unaruka hapo.

Krem weka kiasi cha haragi moja kubwa, katikati ya nywele za brashi, ao ndani ya kibakuli kidogo. Zungusha polepole. Mwanzo itakuwa sawa gundi, nzito, inashikamana, na watu wengi hapo njo wanaharibu kazi, wanaona nzito wanamwaga maji. Hapana! Chovya ncha za vidole ndani ya maji, dondosha matone matatu ao mane, zungusha tena nusu dakika. Tena matone. Tena zungusha. Ni sawa kupika bugali lakini kwa kugeuza, kule mama anaongeza unga kidogo kidogo, wewe huku unaongeza maji kidogo kidogo, na wote wawili mkimwaga kwa pupa mmeharibu.

Sikiliza na masikio pia. Povu ikiwa bado na maji mengi ao hewa nyingi inapiga kelele ndani ya bakuli, chwa chwa chwa, ikianza kuiva kelele inapungua mpaka unasikia tu brashi inateleza. Angalia: vipovu huvioni tena kwa macho, inang'aa kidogo, ukivuta brashi juu inasimama na kancha kanapinda. Chukua kidogo katikati ya vidole viwili usugue, ikiteleza vizuri ni tayari, ikikauka na kukwama ongeza tone. Yote hiyo ni dakika moja na nusu, mbili. Na kama umekwisha kuzidisha maji usiendelee kuzungusha ukitegemea muujiza, ongeza krem kidogo.

Ku uso zungusha brashi kwa duara, ile njo inanyanyua nywele na kuingiza povu chini yake, mwisho unapaka kwenda na kurudi sawa mtu anayepaka rangi ukuta ili kulainisha juu. Usikandamize brashi mpaka nywele zilale pembeni zote, utazivunja.

Haya, tuje ku bido. Maji ya Kituku ni maji ya ziwa, na ziwa Kivu si maji laini hata kidogo. Linalishwa na chemchemi zinazotokea chini ndani yake, zimepita kwenye mawe ya volkano, zinabeba chumvi chumvi na magnesiamu mingi. Sabuni ikikutana na magnesiamu zinashikana, zinakuwa ule uchafu mweupe unaoelea ku beseni na kushika pembeni, na sabuni iliyoshikwa vile haifanyi povu tena. Kwa hiyo sehemu ya krem yako inakufa kwanza ikipigana na maji, ile inabaki njo inajaribu kufanya kazi. Mama zetu wanaofulia ku ziwa wanajua hiyo hesabu tangu zamani, wanaihesabia ku miche ya sabuni.

Mi mwenyewe sikujua. Mwezi wa tano 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipotema moto, mabomba yalikatika sehemu nyingi za mji, tuliporudi kutoka Sake kule tulikokimbilia, salo yangu haikuwa na maji mengine ila pipa moja lililojaa mvua chini ya bati. Nikanyolea wateja na ile. Tube niliyozoea kumaliza kwa wiki moja ikaenda karibu wiki mbili, nikafikiri kijana wangu ameacha kuiba krem, kumbe ni maji! Nilikuwa nimekwisha kumugombeza bure.

Basi kinga mvua, uache dakika za kwanza zioshe bati, kiisha ujaze chupa moja uiweke pembeni kwa ajili ya ndevu tu. Povu moja haikuli zaidi ya vijiko viwili ao vitatu vya maji, pamoja na yale ya kulowekea brashi, kwa hiyo chupa moja inakusogeza mbali hata kiangazi. Kuosha na kusuuza uso endelea na bido yako. Lakini ile ya mvua usiinywe, mvua ya huku inapita kwenye moshi wa volkano inaokota asidi na floridi.

Kitu kimoja bado: soma tube. Kama wameandika « sans blaireau » ile ni ya kupaka na vidole, haikutengenezwa ifanye povu, hata ukiinyeshea maji ya mbinguni yote. Kama si vile, krem yako haina kosa.

Papa, bwana yangu anafunga brashi yake ndani ya kasha ya plastiki kila akimaliza kunyoa, sasa inanuka na nywele zinatoka. Niitupe?
*Mama wa Ndosho*

Mama, bado usiitupe. Iloweke nusu saa ndani ya maji ya vuguvugu na kijiko cha vinegre, itoe ule mweupe wa sabuni uliogandamana ku mizizi ya nywele, suuza sana, kung'uta, kiisha itundike kichwa chini ao isimamishe pahali upepo unapita. Kasha ni ya safari tu na brashi ikiwa kavu. Nywele tatu ine kutoka si kitu, zikitoka kwa mafungu gundi imeoza, hapo sawa, tupa. Na ukienda kumununulia nyingine usichukue ile haijulikani imetokea wapi: wakati wa vita ya kwanza ya dunia askari wa Uingereza na Marekani walipata kimeta ku uso ju ya brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vizuri. Siku hizi ile ya nailoni ni bei ndogo na inakauka haraka.

Mukubwa, niko na kasalo Birere, brashi moja naweza kutumia kwa wateja wote nikiisuuza na maji ya moto?
*Kinyozi mwenzako*

Hapana ndugu yangu. Maji ya moto hayaingii mpaka ndani kule nywele zimefungwa, na mteja mwenye kidonda kidogo anaacha damu pale bila hata kujua. Wateja wa kawaida, kila mtu na brashi yake yenye alama, wengine wote paka povu na mkono uliooshwa. Wembe ni mubaya zaidi, ule unaweza kubeba virusi vya sida (ukimwi) na vya ini, kwa hiyo kila kichwa wembe mpya. Uvunje nusu ungali ndani ya karatasi yake, mteja akiwa anaangalia.